Beryl Markham

Beryl Markham (Ashwell, Uingereza, 26 Oktoba 1902 – Nairobi, Kenya, 3 Agosti 1986) alikuwa rubani, mfunza farasi wa mashindano na mwandishi aliyekulia nchini Kenya. Anajulikana hasa kwa sababu mnamo Septemba 1936 alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki kwa ndege akiwa peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Kabla ya hapo alifanya kazi ya urubani Afrika Mashariki kwa miaka kadhaa. Alibeba barua, abiria, dawa na vifaa hadi kwenye mashamba na migodi isiyofikika kwa urahisi, ikiwemo migodi ya dhahabu ya pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria.

Alijifunza kuruka wakati ambapo mwanafunzi wa urubani hakuwa na mashine ya kufanyia mazoezi akiwa chini. Kila kosa lilifanyika hewani, ndani ya ndege yenyewe. Kwa hiyo maisha yake ni mfano mzuri wa jinsi urubani ulivyopatikana katika kizazi cha mwanzo, na wa gharama yake.

Utoto Njoro

Alizaliwa kwa jina la Beryl Clutterbuck katika kijiji cha Ashwell, eneo la Rutland. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mfunza farasi. Mama yake aliitwa Clara. Familia ilihamia Afrika Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya ya leo, Beryl akiwa na umri wa miaka minne hivi. Baba alifungua shamba Njoro, karibu na Nakuru, akaweka mashine ya kusaga nafaka na kufuga farasi.

Muda si mrefu mama yake alirudi Uingereza pamoja na mtoto mwingine, Richard. Beryl alibaki na baba. Kwa kuwa baba alikuwa na kazi nyingi, msichana huyo alilelewa kwa sehemu kubwa na watu wa shambani, wengi wao wakiwa Wakipsigis. Alijifunza lugha yao pamoja na Kiswahili, akacheza na watoto wa kiume na kufuata wawindaji porini. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa alijulikana kama arap Ruta. Urafiki huo ulidumu. Walipokuwa watu wazima arap Ruta alifanya kazi pamoja naye, kwanza kwenye mazizi ya farasi na baadaye kwenye kiwanja cha ndege.

Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo na yenye kukatika. Alichokipata Njoro kilikuwa cha namna nyingine: kusoma ardhi, kutambua dalili za mvua, kujua wanyama na kutotishika upesi. Mambo hayo yalimfaa baadaye alipolazimika kutafuta njia angani bila msaada wa mtu.

Mfunza farasi

Mwaka 1919, kabla hajatimiza miaka 17, aliolewa na Jock Purves. Ndoa hiyo haikudumu. Wakati huohuo ukame uliiharibu biashara ya baba yake, ambaye alifilisika, akauza shamba na kuhamia Peru. Beryl aliamua kubaki Kenya na kujitegemea kwa kazi aliyoijua.

Alipata leseni ya kufunza farasi wa mashindano akiwa na umri wa miaka 18 hivi, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuipata. Mwaka 1926 farasi aliyemfunza, Wise Child, alishinda mbio za St Leger jijini Nairobi ingawa miguu yake ilikuwa na kasoro. Ushindi huo ulimpa jina.

Mwaka 1927 aliolewa na Mansfield Markham, Mwingereza wa familia tajiri, na ndipo alipopata jina analojulikana nalo. Mtoto wao wa pekee, Gervase, alizaliwa mwaka 1929 akalelewa Uingereza na upande wa baba yake. Baada ya muda Beryl alirudi Kenya bila mume na bila mtoto. Waandishi wa maisha yake hawajalificha jambo hilo, kwa kuwa uhuru alioutafuta ulikuwa na gharama kwake na kwa wengine pia.

Anga la Afrika Mashariki mwaka 1931

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ndege zilikuwa zimeanza kubadili maisha ya kanda hii. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson, mama mjane aliyeishi Kenya, alianzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Uwanja wa ndege wa Wilson wa Nairobi unaitwa kwa jina la mama huyo hadi leo.

Mwezi Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianza safari za barua na abiria kutoka London hadi Afrika ya Kati kwa kupitia Misri na bonde la Nile. Mwisho wa njia hiyo ulikuwa Mwanza, kwenye Ziwa Viktoria. Sehemu ya mwisho ya safari ilitumia ndege zinazotua majini, ambazo hazikuhitaji uwanja kwa sababu ziwa lenyewe lilikuwa uwanja. Mwaka uliofuata njia ilirefushwa hadi Cape Town.

Ndege ndogo za wakati huo zilikuwa nyepesi sana. Aina ya Gipsy Moth, ambayo wengi walijifunzia, ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyoundwa kwa mbao na kufunikwa kitambaa. Ilikuwa na viti viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, vyote vikiwa wazi kwa upepo. Mwalimu na mwanafunzi walisemezana kwa mpira wa kupitishia sauti. Hapakuwa na redio. Vipimo vilikuwa vichache: mwendo, urefu wa kwenda juu, mzunguko wa injini, nguvu ya mafuta na dira.

Nyanda za juu za Kenya ziliongeza ugumu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo bawa hupata nguvu pungufu ya kuinua ndege na injini hupata oksijeni pungufu. Ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka, hasa saa za mchana wakati wa joto. Mwanafunzi aliyesahau jambo hilo aliishia kwenye uzio au kwenye miti.

Kujifunza kuruka

Beryl alivutwa kwenye urubani na watu wawili. Wa kwanza alikuwa Denys Finch Hatton, mwindaji aliyekuwa na ndege yake mwenyewe ya Gipsy Moth. Wa pili alikuwa Tom Campbell Black.

Mwezi Mei 1931 Finch Hatton alikusudia kwenda Voi kujaribu kutafuta makundi ya tembo kwa ndege, akamwalika Beryl afuatane naye. Campbell Black alimsihi asiende, naye akabaki. Tarehe 14 Mei ndege ya Finch Hatton ilianguka na kuungua muda mfupi baada ya kuruka kutoka Voi. Finch Hatton alikufa pamoja na mtumishi wake Kamau.

Ajali hiyo haikumfanya Beryl aache. Katikati ya mwaka uleule alianza masomo kwa Campbell Black. Mwalimu huyo alifundisha kwa kumwacha mwanafunzi aone kosa lake kabla ya kumsahihisha, ili mradi urefu wa kwenda juu ulitosha kuokoa ndege. Alimzoesha kuamini vipimo pale ambapo hisia za mwili zinadanganya. Somo hilo ni kubwa kwa kila rubani: mtu aliye ndani ya wingu hawezi kujua kwa hisia tu kama ndege imenyooka au imeinama. Masikio na macho humwambia uongo, na wengi wamekufa kwa kuyaamini.

Mwezi Juni 1931 Beryl aliruka peke yake kwa mara ya kwanza baada ya saa chache tu za mafundisho, na mwezi Julai alipata leseni ya daraja A. Leseni hiyo ilikuwa ya kuruka kwa burudani. Ilimruhusu kupeleka ndege na kuchukua rafiki, lakini si kulipwa. Alinunua ndege ya mabawa mawili aina ya Avro Avian yenye alama VP-KAN. Mnamo Aprili 1932, akiwa bado rubani wa burudani, aliipeleka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza.

Kutoka burudani hadi kazi

Mwaka 1933 alipata leseni ya daraja B, yaani ya urubani wa biashara. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kufika daraja hilo. Tofauti ya leseni hizo mbili ilikuwa kubwa. Daraja B lilidai saa nyingi zaidi za kuruka peke yake, kuruka usiku, pamoja na mitihani ya kutafuta njia na ya hali ya hewa. Lilidai pia ujuzi wa injini: kuifungua, kusafisha vichungi na njia za petroli, kubadili plagi na kuhakikisha umeme wa kuwashia unafika kwa wakati wake. Sababu ilikuwa wazi. Injini ikizima mbali na mji, rubani ndiye fundi.

Tangu hapo Beryl aliishi kwa urubani. Alibeba barua na vifaa vya wachimbaji wa dhahabu wa Kakamega, madaktari na wagonjwa, na wasafiri waliotaka kufika mahali pasipo na barabara. Alitafuta pia ndege na watu waliopotea. Arap Ruta alimsaidia kuitunza ndege na kuiandaa kabla ya safari. Viwanja vingi alivyotua vilikuwa vipande vya ardhi vilivyofyekwa. Mara nyingine alilazimika kwanza kuruka chini chini ili kufukuza pundamilia na nyumbu ndipo atue.

Safari ya Nungwe

Safari iliyo maarufu zaidi kati ya zile za kazi ni ya kwenda Nungwe, kambi ya wachimbaji wa dhahabu kwenye ghuba ya kusini ya Ziwa Viktoria, katika eneo la Geita ya leo. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Daftari lake la safari lilionyesha tarehe 16 Juni 1935, ndege Avro Avian VP-KAN, kutoka Nairobi hadi Nungwe, muda wa saa 3 na dakika 40.

Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, ujumbe ulifika Nairobi kwamba mchimbaji mmoja alikuwa mahututi kwa ugonjwa wa mapafu na kwamba oksijeni ilihitajika. Aliruka usiku akiwa na mtungi wa oksijeni, bila redio, akielekea kwenye kiwanja kidogo kilichoonyeshwa kwa mioto tu.

Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka Nairobi hadi Nungwe, utaona unavyokatiza Bonde la Ufa, Serengeti, Ghuba ya Speke na jirani ya Mwanza. Sehemu kubwa ya njia hiyo haikuwa na taa hata moja usiku. Ziwa nalo lina tabia yake. Nchi kavu hupata mvua za radi hasa alasiri, lakini juu ya ziwa ngurumo hujikusanya usiku na kuendelea hadi alfajiri, kwa sababu usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea majini kutoka pande zote. Rubani wa usiku katika pwani hii alilazimika kulifahamu jambo hilo.

Kwa njia ya nchi kavu mgonjwa wa Nungwe alikuwa mbali sana na hospitali kubwa. Msafiri wa kutoka Mwanza na Misungwi kwenda upande wa Geita alikutana kwanza na maji ya Ghuba ya Mwanza. Vivuko vilihudumia pale Kigongo, wilayani Misungwi, kwa miaka mingi, hadi daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takriban kilomita 3 lilipofunguliwa mwezi Juni 2025. Katika mwaka 1935 ndege ndogo ilifanya kwa saa chache kazi ambayo barabara na chombo cha majini vingeifanya kwa siku.

Katika kambi hiyohiyo Beryl alimkuta mgonjwa mwingine aliyekuwa akifa kwa homa ya mkojo mweusi, ambayo ni tatizo kali linalotokana na malaria. Kwake hapakuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kukaa naye na kuzungumza. Wakati wa kurudi alipita Serengeti kumtafuta rubani mwenzake aliyepotea na ndege yake, akampata akiwa hai. Safari moja ilibeba mambo matatu ya kazi hiyo: msaada uliofika, msaada uliochelewa na mtu aliyeokolewa kwa bahati.

Kutafuta tembo kwa ndege

Beryl alikuwa pia kati ya marubani wa kwanza wa Afrika Mashariki kutumia ndege kuwatafutia tembo wawindaji. Wazo hilo lilikuwa limemgharimu Finch Hatton maisha yake. Wateja walikuwa matajiri kutoka Ulaya na Marekani, wakiongozwa na wawindaji kama Bror Blixen. Rubani alilitafuta kundi lenye dume la pembe kubwa, kisha akadondosha barua ndani ya mfuko ili wawindaji walio chini wajue mwelekeo na umbali.

Kazi hiyo ililipa vizuri lakini ilikuwa ya hatari, kwa kuwa juu ya nyika yenye miiba hapakuwa na mahali pa kutua injini ikizima. Leo uwindaji wa namna hiyo hauonekani kuwa wa heshima. Miaka zaidi ya ishirini baadaye ndege ndogo zilitumika Serengeti kwa lengo la kinyume, pale Bernhard na Michael Grzimek walipohesabu wanyama kutoka angani mwaka 1958 ili wahifadhiwe. Michael naye alikufa katika ajali ya ndege huko Serengeti tarehe 10 Januari 1959.

Kuvuka Atlantiki

Mwaka 1936 Beryl alisafiri kwa ndege hadi Uingereza pamoja na Bror Blixen. Huko alikubali shauri la John Carbery, mlowezi tajiri wa Kenya, aliyemwazima ndege yake mpya aina ya Percival Vega Gull, yenye alama VP-KCC na jina The Messenger, maana yake Mjumbe. Sharti lilikuwa kwamba ndege irudi kwa wakati ili ishiriki mashindano ya kwenda Johannesburg.

Kuvuka Atlantiki kwenda magharibi kulikuwa kugumu kuliko kwenda mashariki, kwa sababu pepo za eneo hilo huvuma zaidi kutoka magharibi. Ndege hupigana na upepo, hutumia petroli zaidi na kukaa hewani muda mrefu zaidi. Amelia Earhart wa Marekani alikuwa amevuka peke yake mwaka 1932, lakini kwa kuelekea mashariki. Jim Mollison alivuka peke yake kuelekea magharibi mwaka huohuo kutoka Ireland. Kabla yao, mwaka 1928, Elsie Mackay na rubani mwenzake walipotea baharini walipojaribu kwenda magharibi. Hapakuwa na mwanamke aliyefaulu peke yake upande huo, wala mtu yeyote aliyetoka Uingereza kwenda Amerika Kaskazini peke yake bila kutua.

Beryl aliondoka Abingdon, karibu na Oxford, tarehe 4 Septemba 1936, yapata saa moja kasoro dakika kumi jioni. Mvua na upepo havikumsubiri. Ndege ilijazwa matangi ya ziada ya petroli, hata ndani ya chumba cha abiria. Hakuwa na redio. Aliacha pia fulana ya kujiokolea majini ili apate nafasi ya nguo za baridi.

Matangi ya ziada hayakuwa na vipimo vya kuonyesha petroli iliyobaki. Ilimpasa asubiri tangi moja likauke kabisa, injini inyamaze, ndipo afungue jingine. Alifanya hivyo usiku, juu ya bahari, ndani ya mawingu. Mara moja injini ilikata ghafla na ndege ikashuka karibu sana na maji kabla ya kuwaka tena. Aliokolewa na jambo alilofundishwa Nairobi: kushusha pua ya ndege ili mwendo usipotee, badala ya kuivuta juu kama hofu inavyotaka.

Asubuhi ya tarehe 5 aliiona nchi kavu. Lengo lake lilikuwa New York, lakini barafu iliziba njia ya hewa ya tangi la mwisho na petroli ikaacha kufika kwenye injini. Alitua kwa dharura kwenye tope la kinamasi huko Baleine, kisiwa cha Cape Breton nchini Kanada, baada ya saa 21 na dakika 25 hewani. Ndege ilizama pua na yeye akaumia kwenye paji la uso. Watu wa kijiji cha wavuvi walimpokea. Siku iliyofuata alipelekwa New York na kulakiwa na umati mkubwa.

Yeye mwenyewe aliona kwamba ameshindwa kwa kuwa hakufika alikokusudia. Dunia iliona vinginevyo. Furaha ilikatika haraka: tarehe 19 Septemba 1936 mwalimu wake Tom Campbell Black, aliyekuwa ameshinda mashindano ya London hadi Melbourne mwaka 1934, aliuawa katika uwanja wa Speke, Liverpool, ndege nyingine ilipoigonga yake ikiwa bado chini.

Ndege ya The Messenger ilirudishwa Afrika Mashariki. Kwa maelezo ya Beryl, iliuzwa kwa mtu ambaye hakujua kuitunza, ikaachwa kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi kutu ikaila.

Kitabu na mgogoro wa uandishi

Baada ya Atlantiki Beryl aliruka kidogo tu. Alihamia Marekani, na mwaka 1942 alichapisha kumbukumbu zake kwa jina West with the Night. Kitabu kinaanza na safari ya Nungwe na kumalizikia kwenye Atlantiki. Kilisifiwa, lakini wakati huo vita vya pili vya dunia vilikuwa vimepamba moto na kitabu hakikuuzwa sana. Kilisahauliwa kwa takriban miaka arobaini. Baadaye barua ya mwandishi Ernest Hemingway ya mwaka 1942, iliyokuwa imekisifu, iligunduliwa upya, na mwaka 1983 kilichapishwa tena huko California. Safari hii kilipata wasomaji wengi sana.

Umaarufu huo uliamsha ubishi. Wengine walidai kwamba mwandishi halisi alikuwa mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, aliyekuwa mwandishi na aliyemwoa mwaka 1942. Wengine, akiwemo mwandishi wa maisha yake Mary Lovell, walishikilia kwamba sehemu kubwa ilikuwa imeandikwa kabla Schumacher hajahusika, na kwamba kazi yake ilikuwa ya kuhariri. Ubishi huo haujamalizika.

Miaka ya mwisho

Ndoa na Schumacher ilivunjika, na Beryl alirudi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hakurudi kwenye urubani. Alirudi kwa farasi, akawa mmoja wa wafunzaji wenye mafanikio makubwa nchini. Farasi wake walishinda mashindano ya Kenya Derby mara sita.

Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Nairobi, akiwa na fedha kidogo. Kuchapishwa upya kwa kitabu kulimpatia mapato alipokuwa na umri wa miaka zaidi ya 80. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, mwezi mmoja kabla ya kutimia miaka 50 tangu avuke Atlantiki.

Mafunzo ya urubani wakati wake na baadaye

Wakati Beryl akijifunza Nairobi, fundi wa Marekani aliyeitwa Edwin Link alikuwa tayari ametengeneza mashine ya kuiga urukaji. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa vinanda. Link alitumia mivuo na pampu za vinanda hivyo kuinamisha na kugeuza kibanda chenye umbo la ndege ndogo kufuatana na mikono na miguu ya mwanafunzi. Watu wengi waliiona kama mchezo wa watoto. Mwaka 1934, baada ya ajali nyingi za marubani wa jeshi waliobeba barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi la Marekani lilinunua mashine sita. Wakati wa vita vya pili vya dunia mamia ya maelfu ya marubani walifundishwa kwa mashine hizo.

Faida ya simuleta ni kwamba kosa linalomuua mtu hewani linaweza kurudiwa chini mara ishirini hadi lisahihishwe. Injini kuzima, wingu zito, barafu kwenye njia ya hewa: yote aliyoyapata Beryl usiku ule juu ya Atlantiki, rubani wa leo huyafanyia mazoezi kabla hajabeba abiria hata mmoja. Hata mwanafunzi wa nyumbani anaweza kuanza kujua kazi ya vipimo kwa programu ya kompyuta, ingawa saa hizo hazichukui nafasi ya saa za hewani na mwalimu.

Jambo jingine lililobadilika ni nani anayeruhusiwa kujifunza. Katika Kenya na Tanganyika za kikoloni viti vya marubani vilikuwa vya Wazungu. Arap Ruta alizijua ndege za Beryl kwa miaka mingi na kuziandaa kwa safari, lakini jina la rubani katika daftari halikuwa lake. Baada ya uhuru nchi za Afrika Mashariki zilianza kufundisha marubani wake, na mwaka 1971 chuo cha pamoja cha urubani kilianzishwa Soroti, Uganda.

Umuhimu wake

Shimo moja kubwa kwenye sayari ya Zuhura limepewa jina la Markham kwa heshima yake. Mhusika Felicity katika filamu Out of Africa ya mwaka 1985 husemwa kuwa ametokana naye. Riwaya ya Paula McLain, Circling the Sun, ya mwaka 2015, inasimulia maisha yake.

Kwa Afrika Mashariki anakumbukwa zaidi kama rubani wa kazi kuliko mvunja rekodi. Safari ya Atlantiki ilidumu usiku mmoja. Ile ya Nungwe ilikuwa moja kati ya nyingi, na ndizo zilizomfundisha yaliyomvusha bahari: kuiangalia injini mwenyewe kabla ya kuondoka, kuamini vipimo, kujua hali ya hewa ya mahali, na kushusha pua ya ndege injini inaponyamaza.